Buibui Amezwaye kwa Sikio

Wahenga walisema: lisemwalo lipo, na kama halipo laja. Methali hii ina hekima yake, maana aghalabu neno halivumi bure. Walakini yapo maneno yaliyovuma miaka na miaka, nayo hayakuwapo wala hayakuja. Mojawapo ni hili, kwamba mwanadamu awapo usingizini humeza buibui pasipo kujua, na kwamba jumla ya buibui hao ni 8 kwa kila mwaka wa umri wake. Wengine hupunguza wakasema 4, wengine huzidisha. Neno hili lilienea sana Marekani na Ulaya tangu miaka ya 1990. Lilinenwa madarasani na mezani, likaandikwa katika barua pepe na katika kurasa za mambo ya ajabu, hata likawa kama elimu isiyohitaji mwalimu.

Kwa juu juu jambo hili ni la kuchekesha. Hakuna aliyeugua kwa ajili ya buibui hao, wala hakuna dola iliyoanguka. Lakini chini ya kicheko limefichama swali zito: kwa nini watu wenye akili timamu, baadhi yao wasomi, walikubali hesabu ambayo hakuna hata mmoja wao aliyepata kuihesabu? Mtu aliyelala hawezi kuhesabu, na hakuna habari ya mtu aliyekesha mwaka mzima penye kitanda cha mwenziwe akihesabu kwa niaba yake. Jibu la swali hilo halimo katika maumbile ya buibui peke yake. Limo katika historia ya mwanadamu na vile apokeavyo habari. Historia hiyo ni ndefu kuliko intaneti, na buibui amezwaye ametokea ndani yake mara nyingi, kila mara akiwa amevaa vazi la zama zake.

Yafaa kwanza maumbile yapewe haki yake. Buibui, kwa hesabu ya wataalamu, si wa kundi la nzi na kipepeo: ana miguu 8, nao wana 6. Kufikia mwaka wa 2022 aina zilizoorodheshwa duniani zilikuwa zimepita 50,000, na kila aina ina desturi zake. Wale wakaao majumbani wamegawanyika kwa jumla pande mbili. Wapo watandao utando wakangoja mawindo yanase, na wapo watembeao wakiwinda. Angojaye hana haja ya kuuacha utando wake, isipokuwa dume aliyepevuka, ambaye huenda kutafuta jike. Awindaye hutafuta wadudu wadogo, na kinywani mwa mwanadamu hamna windo la namna hiyo.

Tena buibui wengi huijua dunia kwa mitetemo zaidi kuliko kwa macho. Vinyweleo vya miguuni na vipokezi vidogo vilivyomo katika gamba la mwili humletea habari ya kila kitikisikacho. Kwake yeye mtu aliyelala si kitu kitulivu. Moyo unapiga, kifua kinapanda na kushuka, pumzi yenye joto inaingia na kutoka, na huenda koo linakoroma. Mlango wa kinywa hicho, kwa kiumbe mdogo vile, ni kama mlango wa pango lenye tufani na ngurumo. Na hata akikosa woga akaingia, yapasa mambo mengine yote yatokee pamoja: kinywa kiwe wazi, mlalaji asishtuke kwa kuguswa midomo na ulimi, kisha ameze papo hapo, ilhali kumeza hupungua sana wakati wa usingizi. Rod Crawford, mtaalamu wa buibui katika Makumbusho ya Burke mjini Seattle, ni miongoni mwa waliozieleza sababu hizi kwa umma. Maumbile hayakatazi kwamba jambo hili litokee mara moja kwa nasibu. Lakini nasibu haigeuzwi kuwa posho ya mwaka, ikapewa kila mtu sawasawa, tajiri kwa maskini, wa mjini kwa wa shamba.

Basi ikiwa buibui hakuingia kinywani, aliingiaje katika maneno? Habari za kale za Ulaya zinamwonyesha kwanza mahali ambapo wengi hawatarajii kumwona, nazo ni altare za kanisa. Konrad alikuwa askofu wa Konstanz tangu mwaka wa 934 hata alipofariki mwaka wa 975. Yasimuliwa kwamba siku ya Pasaka, alipokuwa akiadhimisha misa, buibui alianguka ndani ya kalisi. Divai ilikuwa imekwisha kuwekwa wakfu, na watu wa zama zile waliamini kwamba buibui ni sumu ya kuua. Konrad hakuimwaga divai ile. Aliinywa pamoja na buibui. Baadaye, kwa masimulizi hayo, buibui akatoka kinywani mwake, naye Konrad asidhurike. Kisa kinachofanana na hicho husimuliwa juu ya Norbert, aliyeanzisha utawa wa Prémontré mwaka wa 1120 na kufariki mwaka wa 1134 akiwa askofu mkuu wa Magdeburg. Yeye, yasemwa, alipiga chafya na buibui akatokea puani. Ndiyo maana wachoraji wa Ulaya huwaonyesha watakatifu hawa wakiwa na kalisi na buibui.

Waumini waliosimulia visa hivyo hawakutaka kufundisha elimu ya viumbe. Walitaka kuonyesha heshima ya sakramenti na ujasiri wa imani. Na kwa shabaha hiyo kisa kilitimiza kazi yake. Lakini mwanahistoria huona jambo la pili lililobebwa na la kwanza. Ili muujiza uwe muujiza, ilibidi msikilizaji awe anaamini tangu awali kwamba buibui aliyemezwa huua. Hakuna aliyelithibitisha jambo hilo; lilikuwa msingi uliofukiwa chini ya nyumba. Watu waliitazama nyumba wakaistaajabia, na msingi haukuulizwa. Hivyo ndivyo imani nyingi zisafirivyo: hazitembei kwa miguu yake zenyewe, bali hupanda mgongoni mwa neno jingine lenye heshima.

Msingi huo ulidumu. Mwaka wa 1611 tamthilia ya Shakespeare iitwayo The Winter's Tale ilichezwa mjini London, na ndani yake mfalme Leontes, aliyeshikwa na wivu usio na sababu, anautumia mfano wa buibui aliyemo katika kikombe. Maana ya maneno yake ni kwamba anywaye bila kumwona buibui hadhuriki, ila aonyeshwaye buibui baada ya kunywa hutapika na kuumia. Mfano huo hauilaumu sumu ya kikombe, bali fikira ya mnywaji. Na katika tamthilia yenyewe hapakuwa na buibui hata mmoja: malkia hakuwa na hatia, na mfalme alikuwa amemeza dhana yake mwenyewe. Huenda hapajapata kutolewa mfano ulio bora kuliko huo wa buibui amezwaye kwa fikira badala ya kinywa.

Miaka michache baadaye buibui huyo huyo alitajwa mahali pasipo na mchezo. Sir Thomas Overbury alifariki akiwa kifungoni katika Mnara wa London mwezi wa Septemba 1613, na mwaka wa 1615 ilianza kesi ya kwamba alilishwa sumu. Katika orodha ya sumu zilizonenwa mahakamani, pamoja na zebaki na aseniki, walikuwamo buibui wakubwa. Zebaki na aseniki huua kwa hakika. Buibui hawaui kwa njia hiyo, kwa kuwa sumu ya buibui imeumbwa ipenye mwilini kwa meno yake ya kuumia, na ikishuka tumboni haina nguvu ile. Lakini mbele ya mahakama vitu hivyo vilisimama safu moja, cha kweli na kisicho kweli, kila kimoja kikimwazima mwenziwe uzito. Watu wanne wa daraja la chini katika shauri hilo walinyongwa. Mabwana wawili wakubwa waliohukumiwa, yaani Earl wa Somerset na mkewe, walisamehewa na mfalme. Hawakunyongwa kwa ajili ya buibui. Hata hivyo kesi ile yaonyesha kwamba neno lisilochunguzwa laweza kuketi kwa utulivu katika kumbukumbu za sheria.

Ajabu ni kwamba Waingereza wa karne hiyo hiyo walimfanya buibui kuwa dawa. Dawa ya moto ni moto. Na kiumbe aliyeogopwa kwa sumu alidhaniwa kuwa na nguvu ya kuifukuza sumu nyingine. Nchi za mabwawa za Kent, Essex na mashariki ya Uingereza zilikuwa na homa ya vipindi, ambayo leo hujulikana kuwa ni malaria. Mgonjwa alipewa buibui aliyevingirishwa katika siagi au mkate, akammeza mzima. Ama buibui walifungiwa ndani ya ganda la kokwa, wakaning'inizwa shingoni. Elias Ashmole, mwanazuoni ambaye makumbusho yenye jina lake yalifunguliwa Oxford mwaka wa 1683, aliandika katika kumbukumbu zake za mwezi wa Aprili 1681 kwamba alivaa buibui watatu shingoni na homa ikamwondoka, akamshukuru Mungu. John Wesley, mhubiri mashuhuri, naye katika kitabu chake cha tiba cha mwaka wa 1747 aliutaja utando wa buibui uliofanywa vidonge kuwa mojawapo ya tiba za homa hiyo.

Watu hawa hawakuwa wajinga, na kosa lao lina sababu ieleweka kwa kila aliyekulia penye malaria. Homa hiyo humshika mgonjwa, ikamtetemesha, ikamwacha siku moja au mbili, kisha ikarudi. Anywaye dawa yoyote wakati homa iko juu ataiona ikishuka kesho yake, naye atasema kwamba dawa imetenda. Ashmole alivaa buibui asubuhi akapata nafuu. Aliyoyaona yalikuwa kweli, ila sababu aliyoyapa haikuwa kweli. Jicho halikumdanganya; alidanganywa na haraka ya kuunganisha mambo mawili kwa kuwa yamefuatana.

Na hapo ndipo upotevu ulipoanza kuwa na gharama. Tangu katikati ya karne ya 17 dawa ya kweli ilikuwa imekwisha kufika Ulaya, nayo ni gome la mti wa kwinini kutoka Amerika ya Kusini. Lakini gome hilo lililetwa na kuenezwa hasa na mapadri wa Kijesuiti, na Waingereza wengi wa Kiprotestanti waliuita unga wake unga wa Wajesuiti, wakautilia shaka kwa sababu ya dini ya walioileta. Robert Talbor aliyesifika kwa kutibu homa katika miaka ya 1670, hata akamponya Mfalme Charles wa Pili, aliificha siri kwamba dawa yake ilikuwa na gome lile lile. Hivyo palikuwa na watu walioikataa dawa iponyayo kwa kumchukia mletaji, na wakammeza buibui asiyeponya kwa kumwamini jirani. Pande zote mbili kosa lilikuwa moja: walimpima msemaji wakaacha kulipima neno.

Karne iliyofuata ilimleta mtu mmoja aliyetaka kulipima neno kwa ulimi wake. Jérôme Lalande, mwanafalaki Mfaransa aliyezaliwa mwaka wa 1732 na kufariki mwaka wa 1807, alijulikana kwa kula buibui mbele za watu. Alikuwa akichukua buibui kama wengine wachukuavyo peremende, akawala ili kuonyesha kwamba woga wa watu hauna msingi. Wengi walimcheka, lakini ushahidi wake ulikuwa bora kuliko wa karne zote zilizomtangulia: alikula, hakudhurika, na wenye macho waliona. Kama maarifa yangekuwa yakienea kwa ushahidi peke yake, habari ya sumu ya buibui tumboni ingekoma hapo.

Lakini Lalande huyo huyo alipatwa na mkasa unaofundisha kinyume chake. Mwaka wa 1773 alitayarisha makala juu ya nyota zenye mkia ziwezazo kupita karibu na dunia, aisome katika Akademia ya Sayansi ya Paris. Siku hiyo wakati haukutosha, na makala haikusomwa. Kutosomwa kwake ndiko kulikoleta mashaka. Watu walisikia kwamba mwanafalaki mkubwa ameandika juu ya nyota na dunia, na kwamba maneno yake hayakutolewa. Wakalijaza pengo hilo kwa hofu zao. Ukaenea mjini uvumi kwamba ametabiri nyota ya kuiangamiza dunia, na siku ya maangamizi ikatajwa kuwa katika mwezi wa Mei. Lalande alikanusha katika gazeti, kisha akaichapisha makala yenyewe, ambayo haikuwa na utabiri huo. Hata hivyo fadhaa ilikuwa imekwisha kuushika mji.

Mkasa huo una uzito kwa sababu unaonyesha kugeuka kwa zama. Siku za Konrad, neno lisilochunguzwa lilijificha nyuma ya altare. Siku za Ashmole lilijificha nyuma ya tiba. Siku za Lalande lilikwisha kujifunza kujificha nyuma ya sayansi, na kumtumia mwanasayansi mwenyewe kama ngao ingawa yeye yu hai na anakanusha. Kila zama ina kiti chake cha heshima, na uvumi haukosi kukitafuta kiti hicho ukakalia. Palibaki hatua moja tu: uvumi ujifunze kusema kwa tarakimu.

Hatua hiyo ndiyo ile ya buibui 8. Ni vigumu kuipima nguvu ya tarakimu katika zama za takwimu. Mtu akiambiwa kwamba huenda siku moja akammeza buibui, atatikisa kichwa na kusahau. Akiambiwa ni 8 kwa mwaka, hudhani kwamba wapo wataalamu waliokaa wakahesabu, wakajumlisha na kugawanya. Tarakimu huonekana kama alama ya mguu wa mtafiti aliyepita; nayo yaweza kuchorwa mchangani na mtu yeyote kwa kidole. Zaidi ya hayo neno hili lilimgusa msikilizaji mahali asipoweza kujitetea. Hakuna awezaye kukana alilolitenda akiwa amelala. Uongo uliochagua usiku na usingizi kuwa mashahidi wake ulikuwa umechagua mashahidi wasioitwa mahakamani.

Mwisho wakatokea watu wa kuuliza: neno hili lilianza wapi? Tovuti ya Marekani iitwayo Snopes, iliyojipatia sifa kwa kuchunguza uvumi, ilitoa jibu mwaka wa 2001. Ilisema kwamba mwaka wa 1993 mwandishi mmoja, Lisa Birgit Holst, aliandika safu katika jarida la kompyuta akiwalalamikia watu waaminio kila waletewalo kwa barua pepe. Kwamba alitoa mifano ya mambo ya kipuuzi, huyu buibui akiwa mmojawapo. Kwamba mfano huo aliupata katika kitabu cha Lucy W. Clausen juu ya wadudu katika elimu na masimulizi, kilichochapishwa New York mwaka wa 1954. Na kwamba watu, badala ya kuonyeka, wakauchukua mfano wakaueneza kama kweli. Jibu hilo lilikuwa tamu mno. Onyo dhidi ya uongo lilikuwa limeuzaa uongo! Waandishi wengi walilipenda wakalinakili, kila mmoja akijiona kuwa amefika kwenye chemchemi.

Lakini waliofuata nyayo hizo hawakuiona safu hiyo, wala hawakumwona mwandishi wake. Kisha likatambulikana jambo la kushangaza. Jina Lisa Birgit Holst lina herufi 15, na herufi hizo hizo zikipangwa upya, bila kuzidi wala kupungua, hutoa sentensi ya Kiingereza «This is a big troll», yaani, hii ni hadaa kubwa ya mzaha. Ikumbukwe kwamba tovuti hiyo hiyo ilikuwa na sehemu maalumu ya visa vya uongo vilivyotungwa makusudi, ili kuwafunza wasomaji wasiitegemee mamlaka moja bila kuhakikisha. Dalili zote ni kwamba asili hiyo ya buibui ilitungwa kwa shabaha kama hiyo. Kitabu cha Clausen ni kitabu cha kweli, na Clausen alikuwa mtaalamu wa kweli. Na humo ndimo ulimokuwa ufundi wa mtego. Mlolongo wa kubuni ulifungiwa pete moja ya dhahabu, na waliouona mng'ao wa pete hawakuukagua mnyororo.

Basi walionaswa safari hii hawakuwa wale walioamini kwamba buibui humezwa. Walikuwa ni wale waliowacheka. Walijua kwamba neno la kwanza ni la uongo, wakapokea neno la pili bila kuliuliza, kwa kuwa la pili liliwapendeza na liliwaweka upande wa wenye akili. Kiti cha heshima kilikuwa kimehamia kwa mkanushaji, na uvumi ukakifuata huko huko.

Wanazuoni wa Kiislamu walilijua jambo hili kwa undani zaidi ya miaka elfu moja kabla ya kompyuta. Waliokusanya hadithi za Mtume, kama Imamu Bukhari aliyefariki mwaka wa 870, hawakutosheka na uzuri wa neno. Walidai isnadi, yaani mlolongo wa majina ya wapokezi: nani kasikia kwa nani, na je, wawili hao walikutana? Walichunguza uaminifu wa kila mmoja na nguvu ya kumbukumbu yake. Kisha walichunguza na matini, yaani neno lenyewe, kwa kuwa walijua kwamba waghushi hubandika maneno yao juu ya majina ya watu waaminifu. Mizani hiyo ina vitanga viwili. Waliomwamini Holst hawakupima kitanga cha mpokezi. Walioukataa unga wa Wajesuiti walipima kitanga hicho peke yake, tena kwa chuki, wakaacha kulipima neno.

Na mizani hiyo haikumwacha hata buibui aliye mpenzi wa Waislamu wengi. Kila mtoto wa chuoni katika pwani ya Afrika ya Mashariki amesikia kwamba Mtume alipohama kutoka Makka mwaka wa 622, akajificha na Abubakar katika pango la Thaur, buibui alitanda utando mlangoni, na waliowaandama wakarudi. Kurani inataja pango katika Sura ya Tisa, wala haitaji utando hapo. Utando umo katika mapokezi, mathalan katika Musnad ya Imamu Ahmad aliyefariki mwaka wa 855. Na wanazuoni wa hadithi wamehitilafiana juu ya isnadi yake, baadhi wakiikubali na baadhi wakiidhoofisha. Kuhitilafiana huko hakukuitia imani ila. Kinyume chake, ni ushahidi wa umma uliothubutu kuuliza hata juu ya kisa ukipendacho. Aulizaye juu ya neno alichukialo hajafanya kazi kubwa. Kazi kubwa ni kuuliza juu ya neno lipendezalo.

Hapa ndipo kisa cha kuchekesha kimfikiapo mwanafunzi na mwalimu wake. Mwanafunzi anakiliye tarakimu pasipo kuiona mahali ilipohesabiwa, na mwandishi amtajaye mwandishi mwingine ambaye hakupata kumsoma, wanaingia katika mlolongo kama wapokezi. Kesho atakuja mwingine awataje wao, kwa kuwa majina yao yamechapishwa. Lugha ya Kiswahili imefanya hekima bila kukusudia: mtandao wa watu na utando wa buibui ni maneno ya mzizi mmoja. Katika utando uzi mmoja ukiguswa, wote hutikisika, na buibui huja kuona kilichonasa. Buibui hali kila kinachotikisa. Hukikagua kwanza, na kisichofaa hukikata kikaanguka. Wanadamu katika mtandao wao hawajaizoea desturi hiyo.

Kwa hiyo methali ya wahenga haina budi kusomwa pamoja na nduguye. Lisemwalo lipo, naam, lakini pengine lipo midomoni tu. Na wahenga hao hao walisema kwamba sikio halilali njaa. Kinywa cha mlalaji hakijathibitika kummeza buibui hata mmoja kwa kanuni. Sikio la aliye macho limewameza wengi: mmoja katika kalisi, mmoja katika kikombe cha mfalme, mmoja katika siagi ya mgonjwa, wanane katika tarakimu, na wa mwisho katika jina la mwanamke asiyekuwapo. Kinywa kina midomo ya kukifunga. Sikio halikuumbiwa kifuniko. Mlinzi wake ni swali moja dogo, umelipata wapi, na swali hilo huulizwa na aliye macho.